Mlango wa Aziza, Mdomo wa Papa

Aziza wangu,

Umeme umekatika tangu mchana, kwa hiyo leo wateja wangu watanisamehe, milango yao itangoja. Vijana wa atelye, karakana yangu, wamejilaza juu ya mabati, mashine ya kuchomelea imenyamaza, na mimi nimepata nafasi ya kukuandikia. Karatasi yenyewe ni ile ninayochorea antivol, vile vyuma vya dirisha. Ukigeuza nyuma ukaona maua na mishale, usitafute maana yake. Ni dirisha la chumba cha kulala cha papa mmoja wa Mangobo, ambaye mke wake hataki... Umeona? Sijafika hata kwenye salamu, nimeshaanza kutoa habari za watu.

Basi salamu. Kesho asubuhi gari la hospitali litakuja kukuchukua, uende Bafwasende ukaanze kazi yako ya maabara. Mambo ya chandarua, maji ya kuchemsha na jinsi ya kukaa na wakubwa wa kazi, mama yako amekwambia yote, tena ameyarudia mpaka hata mimi nimeyashika kwa moyo. Sitayagusa. Nataka tuzungumze habari ya jana jioni.

Jana tulikuwa tunakula lituma ya ndizi za kuponda na samaki, mimi, wewe na mama yako. Ukanawa mikono kabla hujashiba, nikajua kuna jambo. Ukasema, "Papa, niko na neno moja. Fasi nitaishi kule Bafwasende, usiambie mutu. Hata batonton." Yaani hata ndugu zangu. Kisha, kabla sijajibu, ukaanza kunieleza nyumba yenyewe: "Iko nyuma ya..." Nikainua mkono. Nikasema basi, basi, nikasimama na kutoka nje, samaki wangu nikamwacha kwenye sahani. Mimi, nimwache samaki! Nikiwa uani nilikusikia ukimwambia mama yako, "Papa amekasirika."

Sikukasirika, mwanangu. Nilikosa neno la kusema, na mimi nikikosa neno hushtuka kuliko mtu mwingine yeyote. Ombi lako kwa baba mwingine lingekuwa jambo dogo tu. Kwa baba yako ni jambo kubwa, kwa sababu umeniomba nifunge kitu pekee ambacho sijawahi kukifunga vizuri tangu nilipojua kusema. Bafwasende ni mji wa njia. Malori yanaingia na kutoka, pikipiki zinalala hapo, watu wanatoka porini na dhahabu na wengine wanakuja kuwatafuta wanaotoka na dhahabu. Wewe utakaa peke yako, na utakuwa unajua damu ya nani ina nini. Una haki ya kulala bila kila mtu kujua unalala wapi. Swali ni kama papa yako anaweza kukupa haki hiyo. Tangu jana natafuta jibu, na nimelipata, lakini acha nilifikie kwa njia yangu, unajua sijui njia za mkato.

Tuanze na mlango wetu, ule wa zamani. Ulikuwa hujaanza shule wakati huo, sidhani kama unaukumbuka vizuri. Nilikuwa ndiyo nimefungua atelye, natafuta jina. Nikabuni komeo langu mwenyewe. Nje ya mlango kulikuwa na maua ya chuma, na chini ya ua moja niliweka kipini kidogo. Ukikibonyeza huku unasukuma kitasa upande wa kushoto, komeo la ndani linateleza, mlango unafunguka bila ufunguo. Mtu asiyejua angesukuma mpaka ahame mtaa. Nililipenda komeo lile, nakwambia kweli, kuna siku nilikuwa natoka nyumbani na kurudi bila sababu, nifungue tu.

Sasa kitu kizuri bila watu wa kukiona kinanisumbua. Mteja akija atelye kuulizia mlango, siwezi kumweleza komeo kwa maneno. Nitamwonyesha wapi? Mlango wenye komeo lile ulikuwa mmoja tu Kisangani, na ulikuwa kwangu. Nikawa nawapeleka nyumbani. "Kuya uone." Nawasimamisha pale mlangoni, nawaonyesha ua, nawaambia wabonyeze wenyewe. Wengine niliwafunga macho kwa kitambaa, wajue kwamba hata gizani linafunguka. Mama yako anapika nyuma, anasikia mlango unafunguka na kufungwa, kufunguka na kufungwa, anauliza, "Ni nani?" Nami najibu kwa sauti kubwa, "Ni baclients!" Walikuja wafanyabiashara, walikuja mapasta na walimu, akaja mama mmoja muuza samaki kutoka kule kwenye maporomoko, akalifungua mara ya kwanza tu, nikampigia makofi.

Kisha ikawa ile ndoa ya kule mtaa wa Simi-Simi. Nilitangaza kwa kila mtu kwamba siku hiyo atelye imefungwa, tunaenda familia nzima, mpaka bibi yako, hatutarudi kabla ya jioni. Nilitangaza kwa furaha. Tulikula, tulicheza, tukarudi. Mlango ulikuwa umefungwa vizuri kabisa. Nilibonyeza ua langu, tukaingia, na cherehani ya mama yako haikuwepo. Redio haikuwepo. Sufuria kubwa za sherehe, hakuna. Mwizi hakuvunja kitu. Alipomaliza alirudisha komeo mahali pake kwa adabu zote, hata mimi nisingelirudisha vile.

Tukamwita shefu wa mtaa. Akaja na kalamu yake, akazunguka mlango, akasema, "Papa Shabani, ni nani anajua kufungua hii mulango?"

"Sisi ba ku nyumba," nikasema.

"Na bengine?"

"Bon... na bale baclients."

"Gani?"

Nikaanza kuwataja. Wa Makiso, wa Kabondo, wa ng'ambo ya mto. Mwanzoni alikuwa anaandika. Baadaye akafunga kalamu, akaiweka mfukoni, akaniangalia kwa huruma. "Papa Shabani, tuanze upande ingine. Ni nani hajue kuifungua?" Kabla sijajibu akaongeza, polepole, "Juu hata mimi, ulinifunga macho na nikaifungua."

Ilikuwa kweli. Alikuwa amekuja kuulizia mlango wa ofisi yake.

Hadithi hii unaijua, kila Idi tonton zako wanaisimulia na mimi ndiye ninayecheka zaidi. Lakini kuna sehemu ambayo hawaisimulii kwa sababu hawakuwepo. Kesho yake mama yako alitoa nguo zote kwenye sanduku lake. Vitenge, mashungi, mpaka nguo zako za utoto alizokuwa amezitunza. Hakuna hata moja iliyoibwa. Akazifua zote. Kamba zilijaa uani, tukawa tunapita tumeinama. Nikamwambia, mama, hawakuchukua nguo, unafua nini? Akanijibu bila kuniangalia, "Bamezishika." Cherehani ilikuwa ndiyo kazi yake, na hakuililia. Alifua nguo ambazo mtu alizipekua. Mimi nikamwona anajisumbua bure. Nilikuwa fundi wa milango, na sikuelewa mtu anafunga mlango kwa ajili ya nini. Nilidhani ni kwa ajili ya cherehani.

Nilibadilisha komeo, bila shaka. Hili la sasa sijamwonyesha mteja yeyote, na pale atelye nimetengeneza nusu mlango wa kuonyesha, umesimama peke yake, hauingii popote. Nikajiona nimejifunza. Kumbe nilikuwa nimefunga mlango tu, mdomo bado.

Maana miaka ikapita, na siku moja ya Ijumaa akaja yule kijana mwenye begi la kijani. Wakati huo ulikuwa mkubwa, ulikuwa sekondari, unaikumbuka kuliko mimi. Nimeketi mbele ya nyumba, akasimama, akanisalimia kwa heshima, akaniita papa.

Nikasema, "Wee ni mutoto wa nani?"

"Ah, papa, umeshanisahau?"

Mtu mwenye akili angenyamaza hapo na kungoja jina. Mimi nikaona aibu kusahau. Nikamwangalia usoni, nikasema, "Ngoja. Si wee ni mutoto wa Amisi, wa Kindu?"

"Papa uko na akili sana!"

"Njo nasema! Na mama yako, Mama Feza, anaendelea?"

"Mama Feza iko muzuri, anakusalimia."

"Na ile muguu yake?"

"Muguu imepona, papa. Tunashukuru Mungu."

Nilimpa baba, nikampa mama, nikampa na mguu wa kuponya. Yeye alileta begi tu. Na kwa kuwa mtoto wa Amisi hawezi kulala sebuleni, nilikwambia utoe vitu vyako vya usiku uende kulala kwa shangazi yako, mgeni achukue chumba chako. Sikukuuliza. Nilikwambia ukiwa umesimama mbele yake, na ungesema nini mbele ya mgeni? Alikaa mpaka Jumatatu. Alikula vizuri, akatengeneza kiti kilichovunjika mguu, akanishangilia kila nilichosema. Nilimpenda yule kijana. Siku mbili baada ya kuondoka nikampigia rafiki yangu Amisi kumpongeza kwa malezi. Amisi akasema, "Shabani, mi niko na babinti tu."

Mpaka leo hatujui alikuwa nani. Hakuiba kitu. Nilicheka, nikaipeleka atelye, vijana wakaanguka chini kwa kicheko, na kwangu mambo yakaishia hapo.

Kwako hayakuishia hapo. Ulirudi chumbani kwako ukakuta kitana kimewekwa upande mwingine na picha zako zimepangwa upya. Ulibadilisha shuka, ukafua chandarua, ukafua mpaka pazia. Hukusema neno. Mama yako alipita, akaziona kamba uani, akachukua sabuni akakusaidia. Wiki iliyofuata nikaona mlango wa chumba chako una kadena, kufuli ndogo ya sokoni, rangi ya dhahabu, ya zile ambazo ukizitazama kwa hasira zinafunguka.

Hapa sasa nikuandikie kitu ambacho sijawahi kukisimulia kwenye Idi yoyote. Mimi, fundi, kuona kadena ile kwenye nyumba yangu niliona umenitukana. Nikachukua msumari. Nikakuita uje uone. Nikaingiza msumari, nikauzungusha kidogo, kadena ikafunguka, nikaishika juu mbele yako nikicheka. Nikasema, "Unaona? Hii iko kitu ya batoto ya kuchezea."

Ukaichukua mkononi mwangu, ukaifunga tena mahali pake. Ukasema, "Papa, najua musumari inaifungua. Niliitia pale, mutu aone kama hapa kumefungwa."

Nilikaa na maneno hayo muda mrefu, Aziza. Nimechomelea milango ya nusu ya mji huu, nimejaribu vyuma vinene na vyembamba, na nilikuwa sijawahi kusikia mtu akieleza kazi yangu vizuri namna hiyo. Mwizi anahitaji chuma. Sisi wengine, tunaokupenda, tunahitaji tu kuambiwa kwamba hapa kumefungwa, na tukiambiwa tusimame. Na mimi ndiye niliyekwenda kutafuta msumari. Hilo linanichoma hata sasa ninapoliandika, na ninakuomba unisamehe. Nilipaswa kukuomba siku ileile, lakini siku ile nilienda kukutengenezea kitasa cha nguvu, nikadhani ndiyo samahani.

Hiyo siri yako ya kunyamaza sijui uliipata wapi. Kwa mama yako, nadhani. Unakumbuka ulipokuwa unafanya staji, yale mafunzo ya kazi hospitalini, nikamwona jirani yetu Papa Yuma akitoka hospitali? Ulipofika nyumbani nikakudaka mlangoni.

"Papa Yuma alikuya kupima nini?"

"Alikuya kupima."

"Najua. Kupima nini?"

"Papa, alikuya kupima."

Nilikufuata jikoni, nikakufuata kisimani, nikakununulia mpaka mikate. Hukutoa kitu. Nilinung'unika kwamba nimezaa ukuta. Baadaye Papa Yuma mwenyewe akaja kunieleza kwamba alikuwa na hofu na kifua chake na kwamba ni mzima. Akaniambia, "Ule mutoto wako, asubuhi alinisalimia kama vile haikupita kitu. Nilisikia muzuri ku roho." Nilijivuna siku nzima kwa jambo ambalo nilikuwa nimepigana ulivunje.

Ndiyo maana naenda na wewe Bafwasende nikiwa na furaha, hata kama naenda kwa karatasi tu. Unajua tayari kile ambacho mimi nimekijua nywele zikiwa zimeanza kuwa nyeupe. Sina ushauri mwingi wa kukupa. Namba ya siri ya simu yangu wanaijua vijana wote wa atelye, kwa sababu mikono yangu ina grisi na wao ndio wanaonifungulia. Mtu wa namna hiyo akikushauri juu ya simu, mcheke. Nitakwambia tu nilichokiweka kwenye begi lako, ili usishtuke.

Kwenye kitambaa cha bluu kuna komeo. Ni la ndani, kipande cha chuma kinachoteleza kwenye pete mbili, na misumari ya kuzungusha ipo. Halina ufunguo, halina ua, halina ujanja. Kutoka nje hakuna mtu anayeweza kulifungua, hata mimi niliyelitengeneza. Nimelitengeneza Jumapili vijana wakiwa hawapo. Likikupa shida kulifunga, tafuta seremala, simama hapo anapolifunga, na usimweleze kingine chochote.

Viatu vikubwa vilivyo chini ya begi ni vyangu, vile vya kuchomelea vyenye matundu ya cheche. Mama yako amevitia. Anasema uviweke nje ya mlango kila jioni. Nilimwambia, "Batu batasema mutoto iko na bwana!" Akasema, "Njo vile tunataka baseme." Mimi nilisikitika kidogo, ni viatu vyangu vizuri. Lakini nimefurahi kwamba kuna sehemu ya mwili wangu, angalau nyayo, itakaa mlangoni kwako bila kusema kitu.

Sasa jibu lako.

Jana niliinua mkono kwa sababu ulikuwa unakaribia kuniambia. Neno moja zaidi na ningejua nyumba iko nyuma ya nini. Na ningelijua jana, leo asubuhi vijana wangekuwa wanalijua, adhuhuri msikiti mzima, na jioni madereva wote wa njia ya mashariki wangeelezwa mpaka rangi ya geti. Si kwa ubaya. Ningekuwa najivuna. Ningesema binti yangu ni laborantine wa maabara, anakaa mahali fulani, ukipita msalimie. Ninajijua. Ningekuahidi kwa kiapo na ningevunja kiapo huku natabasamu. Kwa hiyo usiniambie. Mwambie mama yako, kila kitu, jina la mwenye nyumba, jirani wa kulia na wa kushoto, mtu wa kupigiwa ukiugua. Yeye ajue. Mimi usiniambie.

Unadhani ni rahisi? Sikiliza yaliyotokea leo. Sijamaliza kunywa kahawa ya asubuhi, Yaya Radjabu akaingia atelye. Tonton yako, kaka yangu mkubwa, aliyenisomesha, mwenye lori linaloenda Bafwasende na kurudi. Akaketi, akapewa kahawa yake ya tangawizi.

"Alors, mutoto anaenda kesho. Nyumba iko fasi gani? Njo nitakuwa nalala pale, mi na baconvoyeur bangu ba lori. Tumechoka kulala chini ya lori."

Aziza, tangu utoto wangu sijawahi kumnyima yaya jibu. Nikasema, "Sijue, yaya."

"Unasema nini?"

"Sijue fasi atalala. Sikuuliza."

Akaweka kikombe chini. "Mutoto wako mwanamuke anaenda mbali, wee haujue fasi atalala? Hiyo ni papa ya namna gani?"

"Mama yake anajua."

"Bon. Nitauliza mama yake."

"Uliza."

Akainuka, akaenda nyumbani. Nimeambiwa mama yako alimkaribisha vizuri sana, akampa kiti, akamuuliza habari za lori, za matairi, za barabara, za wajukuu mmoja mmoja, na alipouliza habari ya nyumba akamletea chakula. Akarudi kwangu ameshiba na hajui kitu. Akasimama mlangoni pa atelye mbele ya vijana, akasema, "Shabani, umekuwa muzungu." Akaondoka. Lori lake limepita hapa mara mbili tangu hapo na hajapiga honi. Imeniuma. Ataisema kwenye kila ndoa na kila msiba mpaka mmoja wetu afe, na sitakuwa na la kujibu, kwa sababu kwa mila zetu amesema kweli: mtoto wa mdogo wake ni mtoto wake, na mlango wa mtoto ni mlango wake. Lakini nilimtazama yaya machoni na sikumdanganya. Sikujua kweli. Vijana walinishangaa. Mmoja aliniuliza kama ninaumwa.

Akikutafuta mwenyewe huko, ni tonton yako, mpe heshima yake, mpikie, mkutane hospitali au mahali pengine upendapo. Kumfungulia au kutomfungulia ni juu yako. Sitakuuliza ulichoamua.

Na mimi nitakuja. Usidhani umenikimbia. Mvua zikipungua nitapanda gari, nitashuka pale malori yanaposimama, na nitakupigia simu. Ukisema, "Papa, leo hapana, niko na kazi," nitatafuta mahali pa kulala na nitangoja kesho, na nikiwa nangoja nitawaambia watu wote wa parkingi kwamba nina binti hapa, lakini wakiniuliza anakaa wapi nitabaki kuwaangalia tu. Ukisema njoo, utakuja unichukue wewe mwenyewe. Nitakufuata nyuma na begi langu, na nitajitahidi nisihesabu njia tunazokata. Tukifika, ingia wewe kwanza, ufunge. Nitabaki nje karibu na viatu vyangu, hata kama tumetembea pamoja njia nzima, na nitapiga hodi. Kisha nitanyamaza, mwanangu, nisikie kama unasema karibu.

Papa yako,
Shabani